John Boyd Dunlop, munganga wa nyama aliyeweka upepo mu pine

Kila mwaka, mvua za mwezi wa 11 zikianza, ndugu zetu wanaopanda Land Cruiser na kamyo za kwenda kazini wanatuletea maneno yale yale. Barabara ya udongo mwekundu imegeuka potopoto, motokari inateleza, inalala njiani, watu wanafika kazini wamechelewa na nguo zimechafuka. Kiisha wakubwa wanasema watanunua pine kubwa za potopoto, zile zenye meno marefu. Watumikaji wanafurahi. Sisi wa sendika tunaulizwa kama tukubali ama tukatae.

Masika iliyopita tulikubali haraka. Motokari moja ya kubeba wenzetu ilivalishwa pine kubwa mpya, kila mtu akaisifu. Siku tatu nyuma yake, ikiwa juu ya lami iliyolowa, pa mteremko, shofere alikanyaga freni na motokari haikusimama. Iliingia mu mtaro. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu, mwingine mkono. Hakuna aliyekufa, tunashukuru Mungu. Lakini tangu siku ile hatujibu tena haraka. Tumejifunza, tumeuliza mafundi wa garaji, na mu kujifunza tumekutana na maisha ya mtu mmoja. Jina lake kila mtu amelisoma kwenye mpira, lakini ni wachache wanaojua kama alikuwa mtu mwenye baba na mama, mwenye mtoto, mwenye kazi ya kila siku kama sisi. Ni John Boyd Dunlop. Tuzungumuze habari yake, jibu la swali letu litatoka humo.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 2 mwaka 1840, mu kijiji cha Dreghorn, inchi ya Uskoti, upande wa Uingereza. Wazazi wake walikuwa walimaji. Tangu utoto watu walimuona ni mwenye mwili mwepesi, asiye na nguvu nyingi za kushika jembe, basi akasukumwa upande wa masomo. Alisomea kazi ya munganga wa nyama mu mji wa Edinburgh, na alipata diplome yake akiwa na miaka 19 tu.

Tusicheke kazi ile. Wakati ule farasi njo alikuwa motokari. Farasi alivuta mizigo ya bandari, alivuta gari za abiria, alivuta makaa ya mawe mpaka ndani ya migodi. Munganga wa farasi alikuwa sawa na fundi wa garaji wa leo. Farasi akilala, kazi inasimama na mtoto wa mwenye gari hali.

Mwaka 1867 alivuka bahari, akaenda kukaa Ayalandi, na nyuma yake akafungua kazi yake mu mji wa Belfast. Alifanya bidii, na kazi yake ikakua mpaka ikahesabiwa kati ya zile kubwa za inchi nzima. Alioa, mke wake aliitwa Margaret, wakazaa mtoto mwanamke na mtoto mwanamume. Alikuwa mtu wa ndevu ndefu, mtulivu. Mtu aliyepita karibu naye mu njia hangefikiri kama huyu atageuza mwendo wa dunia.

Mambo yalianza juu ya mtoto. Mtoto wake mwanamume alikuwa na kinga ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, na magurudumu ya wakati ule yalikuwa magumu: chuma, mbao, ama mpira mzito usio na kitu ndani. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka mu mgongo wa mtoto. Baba aliona mtoto anateseka, akaanza kufikiri.

Hapa tusimame kidogo. Dunlop hakuanza kwa kuuliza gurudumu gani ni zuri kwa macho. Aliuliza mambo mawili: nani anakaa juu ya kinga, na barabara yake iko namna gani. Maswali yale mawili njo tulisahau sisi masika iliyopita.

Mwaka 1887, mu mwezi wa 10, alitwaa kipande cha mbao cha mviringo, upana wake karibu 96 santimetre. Alitengeneza tube ya mpira mwembamba, akaizungushia pale, akaifunika na kitambaa na kukipigilia misumari, kiisha akaijaza upepo kwa pompi ya kujazia mpira wa kuchezea. Alishika gurudumu lile na gurudumu la zamani la kinga ya mtoto, akayaviringisha yote mawili mu kiwanja cha nyumba yake kwa nguvu moja. Lile la zamani lilikwenda kidogo, likaanguka. Lile la upepo lilivuka kiwanja, likagonga nguzo ya mlango, likaruka nyuma.

Hakukuwa na mashini kubwa pale, hakukuwa na injinieri. Kulikuwa magurudumu mawili, kiwanja kimoja, na mtu anayetazama na macho yake. Alivalisha kinga ya mtoto magurudumu ya nyuma yenye upepo, na mtoto akaenda kuijaribu mu mji. Tarehe 7 mwezi wa 12 mwaka 1888 Dunlop alipewa breveti, ile karatasi ya serikali inayosema kama kitu ni chako, umekivumbua wewe.

Kitu gani alivumbua kweli? Watu wengi wanafikiri ni mpira. Hapana. Mpira ulijulikana zamani, na Mmarekani Charles Goodyear alikwisha kuonyesha mu 1839 kama ukiupika pamoja na sulfuri unakuwa nguvu, hauyeyuki ku jua wala haupasuki ku baridi. Sulfuri ile tunaijua hapa Likasi, njo inatoa asidi ya kutengenezea shaba. Dunlop alionyesha jambo lingine: mzigo haubebwi na mpira, unabebwa na upepo. Mpira ni ngozi tu ya kushika upepo ndani. Kwa hiyo pine ya feza nyingi yenye upepo mbaya ni pine mbaya. Mwenye kuacha kupima upepo asubuhi, pine ikingali baridi, anasafirisha watu juu ya bahati.

Mwanzoni watu walicheka. Magurudumu yake yalikuwa manene, yenye kuvimba kama mkate, na wenye kinga nyembamba waliyafanyia mzaha. Tarehe 18 mwezi wa 5 mwaka 1889 kulikuwa mashindano ya kinga mu Belfast, ku uwanja wa Queen's College. Kijana mmoja aliyeitwa Willie Hume, asiyekuwa wa kwanza kati ya wenye mbio, alikuja na pine za Dunlop. Walimcheka alipoingia. Alishinda mashindano yote aliyoingia siku ile, na kicheko kikaisha.

Kati ya walioshindwa kulikuwa watoto wa mfanyabiashara mmoja wa Dublin, Harvey du Cros. Baba yao hakukasirika. Aliona feza. Mwaka ule ule wa 1889 sosiete ilifunguliwa mu Dublin juu ya kutengeneza pine za upepo, du Cros akiwa kichwa chake, na Dunlop alitoa breveti yake akapewa sehemu za sosiete.

Kiisha msiba ukaja. Kama miaka miwili nyuma ya breveti, Dunlop aliambiwa kama karatasi yake haina nguvu. Mtu mwingine wa Uskoti, Robert William Thomson, alikwisha kupata breveti ya gurudumu la upepo mu Ufaransa mwaka 1846 na mu Marekani mwaka 1847. Thomson alijaribu magurudumu yake kwenye gari za farasi mu London, na yalitembea vizuri. Lakini wakati wake kinga hazikuwa nyingi, motokari hazikuwako, mpira ulikuwa wa bei kali. Watu wakamsahau. Alikufa mu 1873 bila kuona kitu chake kinaenea. Dunlop hakumwiba, kwani hakujua habari zake. Lakini sheria ilikuwa sheria.

Sosiete haikufa. Ilinunua breveti za watu wengine, kama ile ya waya wa kushikilia pine ku janti, ambayo inatumika mpaka leo. Mu Ufaransa ndugu Michelin walitoa mu 1891 pine ya kinga inayotoka na kurudi upesi, na mu 1895 walipitisha motokari juu ya pine za upepo mu mashindano ya Paris mpaka Bordeaux. Kwa hiyo pine tunayoiona leo haikutoka mu kichwa kimoja.

Dunlop mwenyewe alijitoa mu sosiete. Mu 1896 wakubwa waliiuza kwa pauni milioni 3, na mnunuzi akaiuza tena kwa milioni 5. Wengine walitajirika sana. Mwenye jina hakupata utajiri ule. Sisi tunaotoa mawe mu ardhi tunajua habari hii: anayechimba na anayeuza hawali sahani moja. Dunlop alibakia Dublin, akafanya biashara ya nguo, akaishi maisha ya kawaida. Alikufa mu Dublin tarehe 23 mwezi wa 10 mwaka 1921, akiwa na miaka 81. Jina lake lilizunguka dunia nzima bila yeye.

Kuna upande mwingine wa maisha haya, na hatuwezi kuuruka, sisi watu wa Kongo. Pine ya upepo ilipoanza kupendwa, Bulaya na Marekani zilitafuta mpira kila fasi. Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado hayajatoa. Lakini mu misitu ya Kongo mulikuwa kamba za porini zenye utomvu, na Kongo ile ilikuwa mkononi mwa mfalme Leopold II. Tangu miaka ya 1890 babu zetu wa upande wa msitu walilazimishwa kuleta mpira kwa kipimo. Kijiji kisichofikisha kipimo, wanawake wake walikamatwa, nyumba zilichomwa, watu waliuawa, mikono ilikatwa. Edmund Morel, karani wa sosiete ya meli, aliona meli zinafika Bulaya zimejaa mpira na zinarudi Kongo na bunduki, akaelewa kama hii si biashara. Roger Casement, konsuli wa Uingereza na mtu wa kisiwa kile kile cha Ayalandi, alipita mu vijiji mwaka 1903, akaandika ripoti iliyotoka 1904. Mu 1908 Leopold aliachishwa Kongo, Ubelgiji ikaitwaa.

Dunlop hakutuma askari, hakukata mkono wa mtu. Alitafuta kumsaidia mtoto wake. Lakini starehe ya mtoto mmoja ilipogeuka biashara ya dunia, mzigo ulianguka ku mgongo wa watoto wengine ambao hata kinga hawakuwa nayo. Hatusemi hivi juu ya kumhukumu. Tunasema juu ya kukumbusha kama mpira huu tumekwisha kuulipa. Mtumikaji wa Kongo akidai pine nzuri chini ya motokari inayombeba, haombi sadaka.

Sasa turudi ku swali letu: pine kubwa za potopoto, tukubali ama tukatae?

Tutumie maswali mawili ya Dunlop. La kwanza, barabara gani? Pine ya potopoto, ile yenye herufi M/T, ina meno makubwa na nafasi pana kati yao. Ikizunguka inarusha potopoto nje, meno yanabakia safi na yanashika tena. Kwa kikosi kinachoingia porini wakati wa masika, upande wa Mitwaba ao mu njia za utafiti za milima, hakuna kingine kinachofaa sawa nayo. Lakini nafasi zile zile pana zinafanya mpira unaogusa lami uwe kidogo. Juu ya lami iliyolowa motokari inachelewa kusimama, tena pine inakwisha upesi, inapiga kelele na kunywa mafuta. Kama motokari yenu inatembea siku tano ku barabara kubwa ya Lubumbashi ao Kolwezi na siku moja tu ku udongo, ile ya kati, yenye herufi A/T, njo inafaa zaidi.

Na upana? Potopoto yenye udongo mgumu chini inataka pine nyembamba, inayokata mpaka ifike pagumu. Mchanga, ao potopoto isiyo na mwisho, inataka pine pana, ielee. Mu fasi mbaya shofere anaweza kupunguza upepo kidogo, lakini mbele ya kurudi ku lami lazima ajaze tena. Motokari isiyo na pompi yake isipunguze upepo kamwe.

Swali la pili, nani anakaa juu? Ku upande wa kila pine kuna namba ya mzigo. Namba 120 maana yake pine moja inaruhusiwa kubeba kilo 1400, namba 116 kilo 1250. Pine mpya isiwe na namba ya chini kuliko ile motokari ilitoka nayo ku fabriki. Ile iliyotuangusha ilikuwa na namba ya chini, ijapokuwa kwa macho ilikuwa kubwa. Watu 12 nyuma, na mifuko yao na vyombo, si mzigo wa mchezo.

Ukubwa nao una deni lake. Gurudumu likitoka santimetre 80 za urefu mpaka 90, kipimo cha mbio kinaanza kudanganya: shofere anasoma 80, kumbe anakimbia 90. Freni zinapata kazi zaidi, motokari inasimama juu zaidi na inapinduka upesi zaidi mu kona. Kwa hiyo kama wakubwa wanaongeza ukubwa, waonyeshe kama freni zimepimwa, kama pine haigusi bodi usukani ukikatwa mpaka mwisho, na kama pine ya akiba ni ya kipimo kile kile.

Tazameni pia umri. Ku upande wa pine kuna namba nne za mwisho: 1521 maana yake juma la 15 la mwaka 2021. Mu soko letu kuna pine nyingi zilizotumika Bulaya, zimepakwa rangi nyeusi zing'ae kama mpya. Rangi haifichi namba, wala haifichi nyufa ukipinda meno na kidole.

Kwa ndugu wa garaji za mgodi neno moja tu: janti ya vipande vya kamyo isijazwe upepo nje ya kibanda cha chuma. Upepo unaobeba tani nyingi unaweza pia kurusha chuma na kuua.

Mwezi huu delegasio ya sendika itaweka mambo haya mbele ya komite ya usalama kazini: namba ya mzigo, tarehe ya pine, upepo wa kila asubuhi, freni. Tunaomba kila kikosi kichague mtu mmoja wa kuzunguka motokari mbele ya wenzake kupanda. Dakika tano zinatosha. Mama anayengoja mu Panda ao mu Kikula ana haki ya kuuliza mume wake jioni kama mtu yule alizunguka. Na kama hakuzunguka, kesho msipande mpaka azunguke. Dunlop aliviringisha magurudumu mawili mu kiwanja chake mbele ya kumpandisha mtoto wake. Sisi nasi ni watoto wa mtu.